Kitanda Kilichoandikwa "Hakikulaliwa"

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitampa kwa ufupi, maana najua wengine mnafungia vitunguu kabla hamjasoma.

Nilikuja mjini kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Mwanangu wa pekee, mpima ardhi, mwenye nyumba ya vyumba vinne, hakunipeleka kwake. Alinipeleka hotelini. Alisema ni karibu na hospitali. Nilikubali kwa mdomo, moyoni nikabaki najikuna pasipowasha.

Niliwaungamia pia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mama wa mtoto huyu hakuondoka mwenyewe, kama nilivyomwambia mtoto miaka thelathini na sita iliyopita. Nilimfukuza mimi. Sababu sikuitaja. Leo nitaitaja, kwa kuwa sina tena pa kuificha.

Tuliachana pale mlango wa chumba changu ulipogongwa asubuhi ya siku ya tano.

Nilifungua. Alikuwa mwanangu, na hakunisalimu. Mtoto niliyemlea mwenyewe na dada yangu, ambaye hata akinikuta kaburini ataanza na shikamoo, alisimama mlangoni akanitazama kuanzia viatu hadi plasta ya jichoni.

"Baba, unalala wapi?"

Nilidhani ni mzaha wa asubuhi. Nikamwambia nalala kitandani, na yeye je, siku hizi analala juu ya mti?

Hakucheka. Aliingia ndani akaanza kuchungulia kama askari aliyeletewa habari. Alisema amepigiwa simu na watu wa mapokezi. Karatasi ya usafi ya chumba changu, kwa siku nne mfululizo, imeandikwa neno moja tu: hakikulaliwa. Wenye hoteli wameingiwa na hofu. Mzee wa miaka sabini na mbili, jicho moja limefungwa, halali chumbani mwake, basi anazurura wapi?

Nilitazama kitanda. Kwa kweli, ungeapa kwamba hakuna kiumbe aliyewahi kukigusa. Shuka imenyooka, nzi akitua anateleza.

Mwanangu akaingia bafuni. Beseni kavu, taulo limekunjwa mara tatu, sabuni imepanguswa imerudi mahali pake. Akatoka.

"Hapa hajaishi mtu," alisema. Halafu akashusha sauti. "Baba, una mtu?"

Nilimwuliza mtu gani. Akasema mtu, baba, mwanamke, mimi si mtoto mdogo. Nikamwambia kwamba kama kuna mwanamke mjini humu anayemtaka mzee mwenye plasta usoni na tone la dawa kila baada ya saa nne, basi amlete haraka tumpeleke naye hospitali, maana macho yake ni mabovu kuliko yangu.

Hapo midomo ilimcheza kidogo. Lakini swali lililofuata halikuwa na cheko ndani yake.

"Hujafika kwangu? Hujapita mtaani kwangu siku hizi nne?"

Nikasema kwako nitafikaje, hujawahi kunionyesha njia. Nikaona amevuta pumzi, kama mtu aliyevuka mto akakuta hajalowa. Nikaliweka hilo akilini.

Sasa, msomaji, jibu la kweli lilikuwa jepesi. Ningesema: mwanangu, nalala hapa, na kila nikiamka natandika mwenyewe. Basi. Lakini jibu hilo lina mkia, na mkia huo nimeukalia miaka mingi.

Mimi mnanijua kama karani wa stesheni mstaafu. Mwanangu pia ananijua hivyo. Nyumbani kwangu hadithi yangu ilianzia kwenye meza ya karani, kana kwamba nilizaliwa na kalamu sikioni. Kabla ya meza hiyo nilikuwa mtandika vitanda wa treni.

Miaka saba, behewa la kulala. Vitanda thelathini na sita jioni, na vilevile thelathini na sita kuvivua asubuhi. Niliwavua walevi viatu, nikapangusa matapishi ya watoto. Nikishuka kwenye treni naingia shule ya usiku, nasinzia juu ya daftari, nakwaruza herufi. Siku nilipopata cheti nilivivua vitanda hivyo maishani mwangu. Mikono tu ndiyo ilikataa. Mpaka leo nikiamka siwezi kutoka chumbani nikaacha kitanda wazi. Ni kama kutoka bila suruali.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu kwamba nalala kwenye kiti, kwa ajili ya jicho. Uongo wenyewe ulikuwa na akili, kwa sababu daktari alinipa masharti mengi: nisinyanyue kitu kizito, nisiiname. Hakujua anamkataza kuinama mtu ambaye hajamwinamia mwenzake miaka thelathini na sita.

Mwanangu alitazama kile kiti cha mbao, akatazama kiuno changu. Akasema atarudi saa kumi jioni, ana jambo la kunieleza. Alitoka bila kusema jambo lenyewe, na mimi nikabaki nazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Chumba chenyewe hakina dosari, tusimkufuru Mungu. Hoteli iko mbali na upande ule wa wageni wenye kamera. Hapa wanalala watu waliokuja kwa kazi zao: wanaofuata hati, wanaosubiri majibu ya hospitali. Maji ya moto yapo, ukimya upo. Siku ya kwanza nilimsifu mwanangu, kwa kuwa nilikuta mto mmoja tu, tena mwembamba, kama nipendavyo. Blanketi limekunjwa mara tatu miguuni. Taa ya kusomea imewekwa kushoto, na huo ndio upande ninaosomea tangu ujana. Nikasema, kumbe mtoto ananichunguza, ananipenda ila hana maneno.

Kumbe.

Saa tatu aliingia mwanamke wa usafi na toroli lake. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mcheshi, kila siku hunisalimu kwa wimbo. Siku hiyo aliingia kimya. Aliweka karatasi yake mezani, akasimama mbele ya kitanda na mikono kiunoni.

"Mzee wangu, mimi nimeandika nilichokiona. Usiniletee matatizo."

Nikamwambia hakuna matatizo, kila mtu na kazi yake.

Hakunisikiliza. Alipenyeza mkono kati ya shuka na godoro, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Joto lipo," alisema. "Mtu amelala hapa, na ametandika mwenyewe. Mzee, ulifanya kazi hoteli gani?"

Nilijibu kwa ukali kwamba sijafanya kazi hoteli yoyote, mimi ni karani. Akaomba radhi, lakini jicho lake halikutoka kitandani. Akaanza kunieleza, na kila neno lake likawa kama tone la ile dawa yangu: dogo, halafu linachoma.

Alisema katika hoteli ile wanatandika kawaida, kama hoteli zote, shuka inabanwa pande mbili. Mtu mmoja tu hutandika kama nilivyotandika mimi. Upande wa dirishani shuka imebanwa mpaka chini. Upande wa mlangoni imeachwa wazi shubiri moja, ili mtu ashuke bila kuvuruga. Na pembeni mikunjo miwili badala ya mmoja, ili kitanda kikitikiswa shuka isitoke.

"Nani atakitikisa kitanda hotelini?" aliniuliza, akacheka kidogo. "Sisi tunaiita kona ya treni. Mama Msimamizi ndiye aliyetufundisha. Wasichana wa ghorofa hii wanasema anakuja kisirisiri kukitandika yeye, atupime."

Nilikaa kwenye kile kiti. Safari hii nilikihitaji kweli.

Nilimwuliza huyo Mama Msimamizi ni nani, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Akasema ni mama mtu mzima, amesimamia vyumba vya hapo miaka mingi, mwaka jana amestaafu, ila wanamwita siku moja kwa wiki kufundisha wapya. Mkali kwa kazi, mpole kwa watu. Tena chumba hiki, kabla sijafika, alikuja kukiandaa kwa mkono wake. Aliondoa mto mmoja, akahamisha taa kutoka kulia kwenda kushoto. Wakamwuliza mgeni huyo ni waziri? Akasema hapana, ni msomi.

"Na hiyo kona, aliipata wapi?"

"Tulimwuliza. Alisema alifundishwa na fundi wa vitanda ambaye hajaona wa kumshinda. Ila fundi huyo alipata cheti, akaisahau mikono yake."

Alichukua karatasi yake, akaandika. Safari hii sikutaka kujua kaandika nini. Alipokuwa anasukuma toroli nikamwuliza Mama Msimamizi huja siku gani.

"Leo," alisema. "Saa nane."

Sasa niseme sababu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu tulikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Nikirudi kutoka safarini nilimfundisha kutandika, yeye upande ule, mimi upande huu, tunarushiana shuka na kucheka. Alikuwa na mkono mwepesi. Baadaye nilipoanza kusoma aliniomba nimfundishe na herufi pia. Nilimwambia kwa nyumba moja anatosha msomi mmoja. Hilo nalo liandikwe.

Nilipopata cheti na cheo nilialika watu nyumbani. Mkuu wa stesheni alikuja, mwalimu wa shule ya usiku alikuja, makarani wenzangu walikaa wamenyoosha shingo. Mke wangu alileta chai. Mkuu wa stesheni akamsifu kwa nyumba safi. Naye, kwa furaha yake na kwa fahari juu yangu, akajibu mbele ya wote kwamba sifa ni za mume wake, aliyetandika vitanda vya treni miaka saba, na hakuna mkono kama wake nchi nzima.

Watu walicheka. Leo najua walicheka kwa wema. Siku ile nilisikia fisi. Karani mmoja akaniuliza kama naweza kwenda kumtandikia na yeye.

Juma lile halikuisha. Nilimpa sanduku lake, nikamwambia aende kwao. Alipouliza kosa lake nilishindwa kulitamka, kwa kuwa kulitamka kungekuwa kulirudia. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alipouliza mama yuko wapi, nilimwambia ametuchoka, ameondoka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa inazunguka.

Basi mchana ule nilifanya anachokifanya mwizi yeyote: nilifunga mzigo.

Nilishuka na mkoba. Mapokezi kuna bwana mmoja mwenye upara, mimi namwita Karibu Tena, maana neno hilo humtoka hata ukienda kununua gazeti. Nilimwambia naondoka. Akasema kwa heshima zote kwamba mwanangu ameacha neno: mzee asitoke na mzigo, amsubiri. Nikasema mimi ni mtu mzima. Akasema ndiyo mzee, akauweka mkoba wangu nyuma ya kaunta, akasema karibu tena.

Nikatoka bila mkoba. Nje kuna mtaa wa watu wenye bahasha mikononi. Fundi cherehani wa sare za wauguzi, duka la kudurufu karatasi, mtengeneza miwani. Nilitaka kuvuka barabara niende stendi, lakini kwa jicho moja magari yote ya kushoto ni mizimu, yanatokea tu. Nilisimama ukingoni, nikarudi. Nikazunguka jengo. Nikazunguka tena. Mara ya tatu fundi wa sare aliinua kichwa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Mara ya nne alinisogezea kigoda, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Pale kwenye kigoda nikapata wazo. Ushahidi ni kitanda. Nikipanda sasa hivi nikakivuruga, mto nikautupa chini, shuka nikaipotoa kama ya mlevi, huyo mama akija ataona kitanda cha mzee yeyote. Mwanamke wa usafi ataonekana kachanganyikiwa. Jicho langu litapona, nitarudi kwangu, karani kama nilivyokuja.

Nilipanda ngazi mbilimbili, katika umri huu.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kile kiti, wala saa kumi haikuwa imefika. Kitanda kilikuwa kimevuliwa chote. Godoro tupu. Shuka mbili, blanketi na foronya vimekunjwa vimepangwa miguuni kwa mpango wa behewa: cha kwanza kutumika kimekaa juu. Juu ya mto kulikuwa na kipande cha karatasi.

"Tandika mbele ya mtoto," kiliandikwa.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa herufi zilizosimama wima. Nilipomfukuza alikuwa hajui kushika kalamu. Mtu mwingine alimfundisha, au alijifundisha mwenyewe, usiku, kama mimi.

Mwanangu alizungumza akitazama sakafu. Alisema alianza kumtafuta mama yake alipozaliwa mtoto wake wa kwanza, na miaka miwili iliyopita akampata. Anaishi naye, kwenye chumba cha nyuma. Ndiyo maana sikupelekwa kwake. Hoteli aliichagua mama. Miaka hiyo yote miwili amemwuliza kwa nini aliondoka, na jibu ni lilelile: muulize baba yako, yeye ndiye msomi.

"Leo amenipigia simu kazini. Amesema nikupe kitanda hiki. Ukikitandika mbele yangu, utanieleza ukweli, na nitauamini. Ukikataa, nisikuulize tena mpaka unakufa." Akainua uso. "Baba, mimi sielewi kitanda kinahusika vipi."

Mimi nilielewa. Mwanamke yule alikuwa na ulimi miaka thelathini na sita, na hakuutumia kunimaliza. Aliniachia nijimalize, au nijiokoe, kwa mikono yangu mwenyewe.

Na mlango wa kutokea ulikuwepo, umeandikwa na daktari kwa mkono wake. Niliupitia.

"Nimekatazwa kuinama," nilisema.

Mwanangu akasimama, akachukua koti langu msumarini, akalikunja vizuri juu ya mkono. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika.

"Sawa, baba. Kesho asubuhi nitakurudisha kwako."

Akaelekea mlangoni. Niliona mgongo wake, na kwa jicho moja mgongo ule ulikuwa wa mtoto wa miaka mitano aliyekaa kizingitini akisubiri mtu arudi.

Nikachukua shuka ya kwanza.

Niliikung'uta mara moja. Sauti ile ya shuka iliyopigwa hewani haikosei, mwanangu aligeuka. Nikainama. Damu ilinipanda jichoni, sikujali. Upande wa dirishani nikabana mpaka chini. Pembeni mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili. Upande wa mlangoni nikaacha shubiri. Mikono ilikwenda yenyewe, kama farasi aliyeona zizi.

"Miaka saba nilikuwa mtandika vitanda," nilisema, nikiliambia godoro. "Treni ya usiku. Kabla ya ukarani. Mama yako ndiye aliyejua."

Koti lilimtoka mkononi likaanguka. Aliliacha pale. Alikuja akasimama miguuni pa kitanda, upande nilioweza kumwona, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama aliondoka mwenyewe, baba? Au ulimfukuza?"

Nikaokota shuka ya pili, nikaishika ncha mbili, nikairusha juu kwa nguvu ili nipate muda. Shuka ya juu ikirushwa na mtu mmoja hupaa, hujaa hewa, halafu hushuka polepole upande wa pili. Nilihesabu. Haikushuka.

Ilikuwa imeshikwa. Upande wa kushoto, upande wa jicho lililofungwa, kuna mtu alikuwa amezipokea ncha zake mbili na kuivuta mpaka ikakaza kama ngoma kati yetu, vile tulivyokuwa tukifanya katika chumba kimoja.

"Mjibu mtoto, karani," ilisema sauti niliyoijua. "Na mimi nimesubiri kulisikia jibu hilo."